Dakika Tisa Ndani ya Chumba cha Kulia

Katika filamu nyingi za mwalimu na mwanafunzi aliyeshindikana, kazi kubwa huachiwa mdomo. Mwalimu anahutubia, mwanafunzi anainamisha kichwa, muziki unapanda, nasi tunaambiwa kwamba moyo mgumu umelainika. The Miracle Worker, filamu ya mwaka 1962 iliyoongozwa na Arthur Penn, haikuweza kupita njia hiyo. Mwanafunzi wake ni mtoto kiziwi asiyeona. Hotuba haimfikii, uso uliokunjwa haumtishi, tabasamu halimtulizi. Lolote litakalopita kati yake na mwalimu wake halina budi kupita mkononi, begani, kwenye kijiko, kwenye ufunguo, kwenye maji. Nimeirudia filamu hii kwa miaka mingi, na kinachonirudisha si ule mwisho wake unaojulikana duniani kote. Ni ufundi wake: namna ilivyojengwa kiungo kwa kiungo na watu waliokubali kwenda polepole.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Helen Keller alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alipokuwa na miezi 19 maradhi yalimpata, na yalipomwacha hakuona wala kusikia tena. Akakua bila lugha. Alikula kwa mkono kutoka sahani ya yeyote, alipiga, alirusha vitu, na watu wazima wakamwachia, kwani ni nani mwenye moyo wa kumkanya mtoto wa namna ile? Machi 1887 akafika Anne Sullivan, msichana wa miaka 20, kutoka shule ya wasioona ya Perkins mjini Boston. Yeye mwenyewe alikuwa ameumizwa macho na trakoma, ugonjwa ambao kwetu huitwa vikope, na alikuwa amepasuliwa zaidi ya mara moja. Utotoni aliwekwa na mdogo wake Jimmie katika makao ya mafukara ya Tewksbury, na Jimmie akafia humo. Hakuwa amewahi kufundisha popote. Tuscumbia ndiyo iliyokuwa ajira yake ya kwanza.

Mwandishi William Gibson alikishika kisa hiki akakaa nacho. Mwaka 1957 alikiandika kwa ajili ya televisheni, katika mfululizo wa michezo ulioitwa Playhouse 90, na aliyeongoza alikuwa Penn. Mwaka 1959 wawili hao wakakipeleka jukwaani Broadway, New York, Anne Bancroft akiwa mwalimu na Patty Duke, binti wa miaka 12, akiwa Helen. Tamthilia hiyo ilichezwa mara 719. Ilipofika zamu ya sinema, kampuni ya United Artists ilitamani mwigizaji mwenye jina kubwa kuliko Bancroft, lakini Penn alimng'ang'ania, na Duke naye akabaki ingawa alikuwa amekwisha kuwa mkubwa kupita umri wa mtoto anayesimuliwa. Nadhani watazamaji wengi hawajui maana ya jambo hili. Kufikia siku kamera zilipowashwa, mwongozaji na mwandishi walikuwa na kazi hiyo moja mikononi kwa miaka minne hivi, na waigizaji wake wawili wakuu walikuwa wamepigana usiku baada ya usiku kwa zaidi ya mwaka mzima mbele ya watu. Kila mmoja aliujua uzito wa mwili wa mwenzake. Alijua mkono utatokea wapi, goti litaangukia wapi, pumzi itakata lini. Ujuzi wa aina hiyo haupatikani kwa mazoezi ya wiki mbili.

Hata ukubwa wa Duke, ambao mtu angeuona kuwa kasoro, uliifaa filamu. Helen wa kweli alikuwa hajatimiza miaka saba mwalimu wake alipofika. Lakini mbele ya kamera, kama angekuwa mtoto mdogo wa kubebeka, tungemwona Bancroft akimwonea. Kwa kuwa Duke ana miguu mirefu na nguvu za binti anayekua, pambano linakuwa baina ya watu wanaokaribiana, na kwa muda mrefu hatujui nani atashinda.

Sasa tuingie chumbani. Ni asubuhi, familia ya Keller imeketi mezani kwa kifungua kinywa. Baba mtu, Kapteni Keller, aliyepigana upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, anabishana na mwanawe mkubwa James juu ya majenerali na mapigano ya zamani. Huku mazungumzo yakiendelea, Helen anazunguka meza. Mkono wake unatua kwenye sahani ya huyu, unachota, unakwenda mdomoni. Unahamia sahani ya yule. Hakuna anayesitisha sentensi yake. Huu ndio uongozaji wa filamu ninaousifu. Penn haweki mhusika wa kutueleza kwamba familia hii imekata tamaa. Anatuonyesha watu wenye adabu zao, nguo zao za heshima, vyombo vyao vizuri, wakila pamoja na mkono ule kana kwamba ni jambo la kawaida, na kwa hakika kwao ni jambo la kawaida.

Kisha mkono unafika kwenye sahani ya Annie, kama Anne Sullivan anavyoitwa ndani ya filamu. Annie anausukuma. Unarudi. Anausukuma tena. Unarudi kwa nguvu, naye anaukamata kwenye kifundo na kuushikilia. Mazungumzo ya vita yanakatika. Ghafla kila mtu mezani anamtazama mgeni, na kosa linaonekana kuwa lake. Kapteni anamtaka amwache mtoto. Annie anasema anachokiona, kwamba humu ndani kuna huruma nyingi mno, na ni rahisi zaidi kumhurumia Helen kuliko kumfundisha. Anadai waondoke wote. Wanaondoka, mama akiwa wa mwisho kuridhia moyoni, na Annie anafunga milango.

Kuanzia hapo, kwa dakika zipatazo tisa, karibu hakuna maneno. Tunasikia viti vikiburutwa, vijiko vikigonga sakafu, viatu, pumzi za watu wawili. Helen amelala chini akirusha mateke. Annie anakaa, anaivuta sahani yake, anaanza kula. Tendo hilo dogo ni la maana sana, kwa sababu mwalimu anaonyesha kwamba hana haraka. Helen anachoka kupiga sakafu isiyomjibu, anainuka, anamjia, anamgusa kujua anafanya nini. Anajaribu kumvuta kiti. Anamfinya. Anaizunguka meza akipapasa kiti kimoja baada ya kingine, na vyote ni vitupu. Hapo uso wa Patty Duke unabadilika kwa namna ambayo sijapata kuiona kwa mwigizaji mwingine wa umri wake: tunamwona mtoto akifanya hesabu. Mama hayupo. Baba hayupo. Anakwenda mlangoni, umefungwa. Mlango wa pili, umefungwa. Katika dunia yake yote ya asubuhi ile amebaki na mtu mmoja tu, naye ndiye adui.

Inafuata kazi ya kijiko. Annie anamkalisha, anamtia kijiko mkononi, Helen anakitupa. Annie anamtoa kitini, anamwinamisha, anamfanya akiokote, anamrudisha. Kijiko kinatupwa. Kinaokotwa. Wanakimbizana kuizunguka meza, viti vinageuzwa kuwa boma, nywele zinamwagika, na wakati fulani Annie anakwenda kwenye kabati na kurudi na vijiko vingi mkononi, ili kila kimoja kikirushwa pawepo kingine. Tunamtazama mtu aliyeamua kwamba kushindwa kijiko kimoja si kushindwa. Chakula kinaingia mdomoni, kinatemwa usoni mwa mwalimu. Maji ya jagi yanamwagwa usoni mwa mwanafunzi. Kinachukuliwa kijiko kingine.

Kuipiga picha sehemu hii kulichukua siku tano, kwa kamera tatu. Waigizaji wote wawili walivaa pedi za kinga chini ya nguo ili wasiumizane vibaya. Nayataja haya kwa kuwa filamu yenyewe imeyaficha. Ukitazama, unadhani mtu aliacha kamera ikiwaka chumbani na wawili hawa wakapigana kweli. Lakini angalia jinsi mhariri Aram Avakian anavyotuachia nafasi. Hakati picha ovyo ovyo ili kututia msisimko. Anaacha kitendo kianze, kiendelee, kimalizike, ndipo anahama. Kwa hiyo muda wote tunajua meza iko wapi, mlango uko wapi, nani yuko upande gani wa kiti. Filamu za mapigano za siku hizi, zenye fedha mara mia, mara nyingi hutupotezea kitu hicho hicho. Nayo picha nyeusi na nyeupe ya Ernesto Caparrós inasaidia: hakuna rangi ya pazia wala ya ukuta inayodai macho yetu, tunabaki na mikono, nyuso na weupe wa vyombo.

Kuna jambo gumu zaidi analolifanya Duke, na linapita bila wengi kuliona. Mtu anayeona, mkono ukimjia usoni, hupepesa, hukaza shingo, huvuta bega. Mwili hufanya hivyo kabla akili haijaamua. Helen haoni mkono unaokuja. Kwa hiyo Duke alipaswa kuupokea kila mguso, kila mvuto, kila kofi, kama kitu kilichotoka hewani, na kushtuka baada ya kuguswa, si kabla. Alipaswa pia kuyaacha macho yake wazi bila kuyatua popote, huku masikio yake, ambayo yalisikia vizuri kabisa, yakijifanya hayapo. Kijiko kikianguka nyuma yake hageuki. Anajua vitu kwa vidole, kwa mashavu, kwa kunusa, kwa mtetemo wa sakafu. Tuzo ya Oscar aliyopewa kama mwigizaji msaidizi akiwa na miaka 16, mdogo kuliko wote waliowahi kuishinda kufikia wakati huo, ilikuwa haki yake.

Bancroft naye alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na ufundi wake ni wa aina nyingine. Mzaliwa huyu wa Bronx mwenye asili ya Italia alijitengenezea lafudhi ya Kiairishi, akavaa miwani ya giza, akampa Annie ukavu fulani wa mdomo na wepesi wa kuudhi watu. Hambembelezi mtazamaji ampende. Katika chumba cha kulia unaweza kumwona akihesabu nguvu zilizobaki: anajifuta uso, anatazama uharibifu, anavuta pumzi, anarudi. Naamini hapo ndipo anapokuwa mwalimu kamili machoni petu, katika zile sekunde chache kati ya jaribio moja na jingine.

Penn hatuonyeshi ushindi. Tunatolewa nje, tunasubiri na familia, saa zinakwenda. Mlango unafunguka, Helen anatoka mbio akatafuta magoti ya mama yake. Annie anatoka nyuma yake, amechakaa, anatoa taarifa kwa Bi. Keller: chumba kimevurugika, lakini mtoto amekula kwenye sahani yake, kwa kijiko, na leso yake ya mezani ameikunja. Mama anayarudia maneno ya leso taratibu, peke yake, na Inga Swenson anayatamka kwa namna inayokuonyesha mwanamke ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kuruhusu tumaini lolote limkaribie. Leso iliyokunjwa, basi. Hakuna machozi ya mwalimu, hakuna kukumbatiana.

Na leso hiyo Gibson hakuitunga. Anne Sullivan aliandika barua nyingi kutoka Tuscumbia, na katika mojawapo ya Machi 1887 alisimulia asubuhi yenyewe: familia ilivyoondoka, alivyofunga mlango, mtoto alivyolala chini, alivyojaribu kumvuta kiti, alivyoizunguka meza na kukuta hakuna mtu, habari ya kijiko, kisha mapambano mengine ya muda mrefu juu ya kukunja leso. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1903 pamoja na kitabu cha Helen Keller cha maisha yake. Mwandishi wa michezo asiye na subira angeona barua ile haitoshi, angeongeza kisu, moto, mtoto kutaka kujirusha dirishani. Gibson aliamini kwamba mwalimu, mtoto, meza na milango iliyofungwa vinatosha. Kazi yake ilikuwa kuvipanga ili kila kitu kitokane na kilichotangulia, na kupanga huko ndiko uandishi wenyewe.

Najua wapo watakaokwazwa na kofi, hasa kwetu ambako mjadala wa fimbo shuleni haujaisha. Mimi pia silitetei. Lakini tazama filamu inasema nini hasa. Helen anapiga, Annie anarudisha, na kofi hilo halimfundishi Helen chochote. Dakika inayofuata anapiga tena. Kinachofanikiwa ni kijiko cha kumi, kitulivu kama cha kwanza. Anayetoka kwenye filamu hii na kudhani imesifu kipigo, ameangalia mkono usiostahili.

Ustadi mwingine wa Gibson ni kuvipa vitu kazi. Fuata ufunguo. Mapema, siku ya kuwasili, Annie anamletea Helen mwanasesere na kumwandikia jina lake kiganjani kwa alfabeti ya vidole, herufi moja moja. Helen anampiga mwalimu kwa mwanasesere huyo huyo hadi jino linatoka, anamfungia chumbani ghorofani, anaondoka na ufunguo, na ufunguo wenyewe kauficha mdomoni. Mwalimu mpya anateremshwa kwa ngazi kupitia dirishani mbele ya nyumba nzima. Baada ya watu kutawanyika Helen anautoa ufunguo kinywani na kuutupa kisimani. Mtoto huyu ana akili kali. Tumeipata habari hiyo bila mtu kuisema. Siku chache baadaye ni mwalimu anayefunga milango na kuweka funguo mfukoni. Na katika tamthilia, baada ya yote kutokea, Gibson anamfanya Helen azichukue funguo mfukoni mwa mama yake na kumkabidhi Annie.

Sehemu ya kati, ile ya kibanda cha bustanini, inakwenda kwa sauti ya chini. Annie ameomba akae peke yake na mtoto, mbali na mikono inayomdekeza, naye Kapteni amempa wiki mbili tu. Helen anazungushwa kwa gari la farasi ili asijue kwamba kibanda kiko uani kwao. Anapokataa kabisa kuguswa na Annie, mwalimu anamwamsha Percy, kijana mdogo wa mtumishi, anaanza kumfundisha yeye herufi za vidole. Na wivu unafanya ambacho nguvu haikufanya, Helen anajipenyeza kati yao na kutoa kiganja chake. Kuna pia yai. Annie anamwekea Helen yai linaloanguliwa mkononi, kifaranga kikigonga kutoka ndani, huku akimsihi naye atoke kwenye ganda lake. Ni mahali ambapo filamu ingeweza kuzama kwenye utamu, lakini Bancroft analisema ombi hilo kwa uchovu wa mtu anayeona siku zikimwishia.

Wiki mbili zinapokwisha mtoto ni safi, mtulivu, anakula vizuri, na vidole vyake vinaandika maneno kwa kuiga. Baba ameridhika kabisa. Mwalimu ndiye peke yake asiyeridhika, kwa kuwa anajua Helen anacheza na vidole bila kujua kwamba kila kitu kina jina. Kwake utiifu usio na uelewa ni giza jingine. Hapa ndipo filamu inapozipita nyingi za jamii yake, ambazo zingefunga pazia pale pale mtoto mtundu anapokaa kitako na kusema ndiyo.

Si kila kitu kimefaulu. Kumbukumbu za Tewksbury, zinazomjia Annie kama picha za ukungu wenye chembechembe juu ya uso wake, pamoja na sauti ya mdogo wake, zinasimamisha filamu kila zinapotokea. Uso wa Bancroft ulikuwa umekwisha kutuambia kwamba mwanamke huyu amezika mtu. Pia Victor Jory, akiwa Kapteni, anapaza sauti kana kwamba bado kuna watu wa kuwafikia kwenye viti vya nyuma vya ukumbi. Ni kasoro za filamu iliyotoka jukwaani, nazo hazinisumbui sana.

Kisha pampu ya maji ya uani. Siku ya kurudi nyumbani wameketi tena mezani. Helen anaiangusha leso yake makusudi, ili ajue kama sheria za kibandani zinafika hadi hapa. Familia inataka asamehewe kwa siku moja tu. Jagi la maji linamwagwa, Annie anambeba mtoto mzimamzima kumpeleka uani alijaze, na baba anapoinuka kumzuia, James, yule kijana aliyekuwa akinywea kila mbele ya baba yake, anasimama mlangoni na kumkatalia. Mpaka hapo sote tumejifunza kusoma meza hii, kwa hiyo hatuhitaji kuelezwa uzito wa leso kuanguka wala wa James kusimama.

Annie anapampu. Maji yanatiririka mkononi mwa mtoto, naye anaandika kiganjani mwake jina la maji kwa uchovu wa mazoea, kama alivyoandika mamia ya maneno kabla ya hapo. Jagi linaanguka. Duke anasimama. Kwa muda hafanyi lolote, na kutofanya huko ndiko kunakonitetemesha, maana kwa saa nzima na nusu hatujamwona Helen ametulia kwa hiari yake. Midomo inatafuta sauti ya utotoni, lile neno alilokuwa ameanza kulitamka kabla ya maradhi, ambalo mama yake alikwisha kulitaja. Halafu ni mbio: anapiga ardhi na kutoa kiganja apewe jina lake, anagusa pampu, ngazi, anaivuta kengele ya uani. Mikono iliyokuwa inapigana sasa inaulizana. Katika maisha ya kweli siku hiyo ilikuwa 5 Aprili 1887, takriban mwezi mmoja baada ya Anne Sullivan kuwasili. Helen Keller aliishi hadi mwaka 1968, na filamu ilipotoka alikuwa hai.

Wengi wa pwani yetu walikutana na kisa hiki kwa njia ya India. Mwaka 2005 Sanjay Leela Bhansali alitoa Black, Ayesha Kapur akiwa mtoto, Rani Mukerji akiwa mtu mzima na Amitabh Bachchan akiwa mwalimu, na deni lake kwa The Miracle Worker liko wazi, hata meza na kijiko vimo. Bhansali, bingwa wa filamu za nyimbo, aliziacha nyimbo zote safari hiyo. Ninaipenda kazi yake, hasa kwa mtoto yule, lakini naona anatuongoza kulia kabla hatujafika penyewe. Penn anangoja. Patty Duke naye alirudi kwenye kisa hiki mwaka 1979, katika toleo la televisheni, safari hii akiwa mwalimu, huku Melissa Gilbert akiwa Helen, na akapata tuzo ya Emmy. Aliyepigana upande mmoja wa meza kwa miaka alikwenda kukaa upande wa pili, na anaonekana anajua kila kona yake.

Katika vibanda vyetu vya sinema tumezoea msimulizi anayetafsiri kila sentensi juu ya picha, na nimewahi kujiuliza angefanya nini dakika hizo tisa. Angenyamaza, na watu wangeelewa kila kitu. Nawaomba vijana wetu wanaojifunza kuongoza na kuandika filamu Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar na kwingineko waitafute filamu hii, waifikishe hadi Annie anapofunga mlango, wazime sauti, kisha waandike kwenye karatasi kila kitu walichokijua kuhusu Helen, Annie na familia ile bila kusikia neno. Wakimaliza, warudie kwa sauti ikiwa wazi, na wasikilize vijiko tu.